Bwawa la perege limejaa vitoto: namna ya kulipunguza na kulidhibiti

Ulipandikiza vifaranga 100 kwenye bwawa la nyuma ya nyumba, ukalisha miezi saba, na leo ukitupa pumba maji yanachemka samaki. Ukikokota wavu wanapanda wengi mno, ila wa kuweka kikaangoni hayupo. Wote ni saizi ya kiganja cha mtoto, na katikati yao wamo wadogo kama kidole. Hapo ndipo wafugaji wengi wa uani, Bagamoyo na kwingineko, huanza kulaumu chakula au aliyewauzia mbegu. Mara nyingi kosa haliko huko. Perege wamezaana, na uzito ambao bwawa lingewapa samaki wachache umegawanywa kwa vichwa vingi.

Bwawa lina mzigo wake

Chukua bwawa la mita 5 kwa 4, kina mita 1. Kama halina pampu ya hewa na linalishwa vizuri, litabeba takriban nusu kilo ya samaki kwa kila mita mraba, yaani kama kilo 10 kwa ujumla. Kilo hizo 10 zinaweza kuwa perege 40 wa gramu 250, au perege 200 wa gramu 50. Kwa bwawa ni mamoja. Likishafika kwenye mzigo wake, kila chakula unachoongeza huishia kuozesha maji, na nguvu kidogo wanayoipata samaki huenda kwenye kutaga.

Perege wa bwawani hukomaa mapema kuliko wa ziwani. Akiwa na miezi miwili au mitatu, gramu 30 hadi 50 tu, tayari anazaa. Huanza kutaga maji yakifika nyuzi joto 24, na mwambao wetu uko juu ya hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Huo wa Juni hadi Agosti ni wa kupunguza kasi tu. Jike hukusanya mayai yaliyorutubishwa na kuyalea mdomoni, vitoto vikianguliwa hukaa humohumo mpaka viweze kujitegemea, na kazi yote huchukua kama wiki mbili. Baada ya wiki nne hadi sita tangu alipotaga, anataga tena.

Jike wa gramu 100 hutoa kama mayai 100 kwa mkupuo. Kati ya vifaranga 100 ulivyopandikiza, 50 ni majike, kwa hiyo ni mayai 5,000 kwa mzunguko mmoja. Hata kama katika kila kumi atapona mmoja, umepata samaki wapya 500 kwenye bwawa ambalo lilitakiwa liwe na 40 hadi 60.

Hakikisha ndilo tatizo lenyewe

Vua samaki 50 bila kuchagua, uwatenge kwa ukubwa. Kama wote ni wadogo lakini wanalingana, na hakuna vitoto ukingoni, basi tatizo ni chakula, maji au mbegu, na kupunguza idadi hakutakusaidia sana. Kama kuna rika tatu au nne kwenye beseni moja, wamezaliana.

Dalili nyingine zinaonekana kwa macho. Saa moja hadi saa tatu asubuhi angalia sehemu za ukingoni zenye maji mafupi: utaona kundi la vitoto limetanda juu kama kivuli kinachosogea. Ukipunguza maji utakuta sakafuni mashimo ya duara, mapana kama sahani, ambayo madume huchimba kwa ajili ya kutagia. Jike mwenye kidevu kilichovimba na asiyegusa chakula amebeba mayai. Na mdiria akianza kutua kila siku kwenye mti ule ule juu ya bwawa, jua ameshahesabu kabla yako.

Samaki wakipanda juu alfajiri, saa kumi na moja hivi, wakihema kwa midomo wazi, hewa ndani ya maji imekwisha. Usingoje siku ya kuchambua. Badilisha robo ya maji hapohapo na usilishe siku hiyo. Ukitumia maji ya bomba, yawe yale uliyokwisha kuyaacha wazi kwenye tangi kwa saa 24, maana dawa ya kusafishia maji huunguza matamvua.

Siku ya kupunguza

Acha kulisha tangu jana yake. Samaki mwenye tumbo tupu huvumilia kushikwa, na hachafui maji ya ndoo. Anza saa 12 asubuhi na uwe umemaliza kabla ya saa nne. Kazi hii ikifanywa adhuhuri, utahesabu waliokufa kesho yake hata kama leo wote waliogelea vizuri.

Unahitaji wavu wa tundu la inchi moja kwa wakubwa, na wa pili wenye tundu dogo kwa wadogo. Chandarua chakavu kinaweza kufaa kwa huo wa pili kwenye bwawa lako mwenyewe, ila kwenye sakafu ya udongo huziba tope haraka na kuwa kizito. Usithubutu kukipeleka mtoni wala baharini. Urefu wa wavu uwe mara moja na nusu ya upana wa bwawa, kwa hiyo bwawa la upana wa mita 4 litataka wavu wa mita 6, na kimo chake kiwe mita moja na nusu. Sehemu ya juu ifunge maboya, hata vipande vya malapa chakavu vinatosha. Ya chini iwekee chubwi za kutosha. Andaa pia tangi au mapipa mawili ya maji ya bwawa lenyewe, yawe kivulini, pamoja na mizani ya jikoni.

Punguza maji mpaka yafike magotini. Kokota kutoka upande wa kina kwenda upande wa maji mafupi, watu wawili, kila mmoja akikanyaga kamba ya chini kwa mguu wa ndani huku akitembea. Hapo ndipo wengi hushindwa: perege hodari huchimbia kichwa kwenye tope na kupita chini ya wavu, au huruka juu yake. Kamba ya chini ikinyanyuka hata mara moja, wale uliowataka ndio wanaotoka. Kwenye bwawa la turubai vua viatu na usichomeke fito sakafuni.

Kokota mara tatu au nne. Kwenye ndoo ya lita 20 usiweke zaidi ya kilo moja ya samaki, na usiwaache humo zaidi ya dakika kumi. Wenye magamba yaliyobanduka wazamishe dakika tano hadi kumi kwenye maji yenye gramu 200 za chumvi kwa ndoo ya lita 20, kabla hawajaota ukungu mweupe kama pamba. Mmoja akianza kulala ubavu, mtoe mara moja.

Kutenganisha dume na jike

Usirudishe samaki bwawani kwa kuangalia ukubwa peke yake. Ukirudisha 50 wakubwa wenye jinsia mchanganyiko, baada ya miezi mitatu utarudi palepale. Rudisha madume tu. Dume hukua haraka kuliko jike, na habebi mimba ya mdomoni inayomfunga kula kwa siku nyingi.

Chini ya gramu 30 usijisumbue, huwezi kuona kitu. Kuanzia hapo, lowanisha mikono, mfunike samaki kichwa na macho kwa kitambaa kibichi, mgeuze tumbo juu. Nyuma ya tumbo, kabla ya pezi la chini lililo karibu na mkia, utaona tundu la haja, na nyuma yake kinyama kidogo kilichochomoza. Kwa dume kinyama hicho ni kirefu kidogo, kimechongoka, na kina kitundu kimoja tu nchani. Ukijumlisha na tundu la haja, dume ana mawili. Jike ana matatu: tundu la haja, kisha katikati ya kinyama kuna ufa uliolala kwa upana ambapo mayai hutokea, halafu nchani kitundu cha mkojo ambacho hakionekani kirahisi.

Ule ufa ndio siri ya kazi. Chovya kijiti cha pamba ya masikioni kwenye rangi ya chakula, ya buluu ndiyo inayoonekana vizuri, upake kinyama kizima kisha ufute taratibu. Kwa jike, rangi hubaki ndani ya ufa kama mstari mwembamba. Kwa dume hufutika yote. Anza na samaki wakubwa kumi ili jicho lizoee. Mgeni wa kazi hii hukosea samaki kadhaa katika kila mia hata akijitahidi, kwa hiyo weka sheria moja: unayemtilia shaka ni jike. Jike mmoja aliyepita anatosha kukurudishia vitoto.

Ukifungua mdomo wa jike na yakamwagika mayai ya njano, makubwa kama punje za uwele, usihangaike tena na rangi.

Bwawa letu la mita mraba 20 lirudishiwe madume 40 hadi 60, sio zaidi. Na usiogope kwamba wamedumaa. Dume wa gramu 60 aliyebanwa kwa miezi mingi hurudi kukua akipata nafasi na chakula, tena kwa kasi nzuri. Ndiyo sababu ya kuchambua badala ya kumwaga wote na kuanza upya.

Vitoto vilivyobaki

Wavu hautoi kila kitu. Kama bwawa lina miezi mingi na rika nyingi, suluhisho la kweli ni kulikausha. Weka madume yako kwenye tangi lenye kivuli, na pampu ndogo ya hewa kama unayo, kisha toa maji yote. Usidanganyike na sakafu inayoonekana kavu. Perege wa sentimita mbili hukaa siku nzima kwenye maji yaliyobaki ndani ya alama ya unyayo wako. Zungukia kila kidimbwi, kikaushe kwa bakuli au kitie chokaa. Bwawa la udongo liache mpaka ardhi ipasuke, wiki moja hadi mbili kwa jua la Januari. Kazi hii usiipange wakati wa masika, utakausha mvua.

Chokaa ya kilimo ni kilo 10 hadi 20 kwa mita mraba 100, kwa hiyo bwawa letu linataka kilo 2 hadi 4. Chokaa isiyozimwa ni kali na huua vilivyobaki kwenye vidimbwi, lakini inaunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani, mwaga upepo ukiwa mgongoni, na baada ya kujaza maji subiri siku kumi kabla ya kurudisha samaki. Usitumie utupa wala dawa ya wadudu kwenye bwawa la chakula, hata aliyekushauri awe mzee wa namna gani.

Bomba la kuingizia maji na la kutolea yafunge kitambaa cha wavu chenye tundu lisilozidi milimita moja. Watu hukausha bwawa kwa uangalifu mkubwa, kisha hulijaza kwa maji ya mfereji yenye vitoto vya perege.

Wadogo uwafanye nini

Wa gramu 30 na kuendelea ni mboga: toa matumbo, kwaruza magamba, kaanga wakauke mpaka mifupa ilike, au weka chumvi uanike. Walio wadogo zaidi wachemshe, uwaanike, kisha usage kwa ajili ya kuku. Kwenye chakula cha kuku samaki wasizidi sehemu moja kwa kumi, vinginevyo mayai yatanukia samaki.

Usiwauze kama vifaranga. Ni wazee waliodumaa, nusu yao ni majike waliokwisha kukomaa, na bwawa la mnunuzi litakuwa na vitoto kabla ya mwezi kuisha.

Wala usiwamwage kwenye Mto Ruvu au Wami kwa kudhani unairudishia mito riziki. Sato wa kibiashara, yaani perege wa Nile, si mwenyeji wa mito hii ya pwani, na anapofika huzaliana na perege wa asili mpaka mbegu ya asili inapotea. Perege wa Wami si samaki wa kupuuzwa. Ukoo wake, uliofahamika kwa wafugaji kama perege wa Zanzibar, ndio mtaalamu wa samaki C. F. Hickling aliotumia huko Malacca, Malaysia ya leo, kwenye majaribio aliyoyatangaza mwaka 1960: madume wake walipopandishwa kwa majike wa perege wa Msumbiji, watoto wote walitoka madume. Kwa bahati mbaya huwezi kufanya hivyo uani kwako. Kunahitajika mbegu safi pande zote mbili, na ukigeuza wazazi, majike yanarudi.

Kuzuia wasijae tena

Njia nyepesi kuliko zote ni kuchota. Vitoto vikitoka mdomoni mwa mama hukaa makundi juu ya maji ukingoni kwa siku kadhaa. Vikifika sentimita mbili hutawanyika na huvipati tena. Tengeneza wavu mdogo wa mkono: duara la waya lenye upana wa sentimita 40, kitambaa cha chandarua, mpini wa mwanzi wa mita moja na nusu. Pita ukingoni asubuhi mara mbili kwa wiki. Ukiruka mwezi mmoja, umeshindwa.

Kambale ni msaidizi mzuri akiingizwa kwa wakati. Perege wako wafike kwanza gramu 40 au 50, halafu ndipo uweke kambale wa sentimita 5 hadi 10, mmoja kwa kila perege kumi. Ukimweka akiwa mkubwa atakula mbegu yenyewe. Kambale hukua kuliko perege, kwa hiyo wavune pamoja, usimbakize mzee mmoja wa kilo mbili kwa ajili ya mzunguko ujao. Usiku wa mvua kubwa hutoka na kutambaa, hivyo ukingo uwe na kizuizi cha nusu mita juu ya maji. Na usimtegemee peke yake: anapunguza vitoto, hawezi kuwazuia perege kutaga.

Mbegu ya jinsia moja ni rahisi kwa asiyetaka kuchambua. Vifaranga hawa hulishwa chakula chenye homoni ya kiume kwa siku 21 hadi 28 tangu wanapoanza kula, wakiwa bado wadogo chini ya sentimita moja na nusu. Muulize muuzaji walilishwa siku ngapi na walianza wakiwa na ukubwa gani. Akisita, nunua kwingine. Homoni yenyewe si kitu cha kuchanganya jikoni. Hata kundi zuri huwa na majike wachache, kwa hiyo wakifika gramu 50 chambua sampuli ya 30.

Kina kirefu, sakafu ya saruji au turubai havizuii kuzaa, ingawa utasikia hivyo. Perege hutaga kwenye sakafu tupu bila shida. Chumvi chumvi ya visima vya mwambao nayo haiwazuii.

Baada ya kupunguza

Siku mbili za kwanza wape kidogo tu. Kisha lisha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku. Madume 50 wa gramu 60 ni kilo 3, kwa hiyo gramu 90, nusu asubuhi saa tatu na nusu alasiri saa kumi. Wasipomaliza kwa dakika 15, punguza. Kila wiki mbili pima samaki 15 na urekebishe hesabu. Zamisha mkono ukiwa umekunja kiganja: kiganja kikipotea kwenye ukijani kabla maji hayajafika kiwiko, maji ni mazito, acha mbolea na ubadilishe kiasi. Katika miezi mitatu hivi madume hao wanapaswa kukaribia gramu 200. Wakikwama chini ya hapo huku hakuna vitoto, sasa ndiyo laumu chakula.

Kwa mwenye koi

Bwawa la mapambo hujaa kwa njia nyingine. Koi, samaki wa rangi anayefugwa kwa mapambo, halei mdomoni. Madume humfukuza jike asubuhi mpaka maji yanaruka, na mayai hunata kwenye mizizi ya mimea na nyuzi zozote zilizomo. Kwa joto letu huanguliwa ndani ya siku mbili hadi nne. Kwa hiyo siku ileile ya fujo toa mimea yote inayoelea, ianike juani, na usugue kuta kwa brashi ngumu. Mayai yanayobaki wazi wazazi wenyewe huyala, wao ndio wadhibiti wazuri, ila mradi hakuna pa kuyaficha. Badilisha theluthi ya maji kesho yake, kwa sababu mbegu za dume na mayai yaliyokufa huoza haraka na kuleta povu. Hesabu ya koi mkubwa ni lita 1,000 kwa kila mmoja: bwawa letu la mita za ujazo 20 ni koi 20, na wa ishirini na moja atafutiwe bwawa jingine lisilotoka nje ya uzio.